Ua la Kumi na Moja

Fundi Shekuwe aliuliza mara tatu, brashi ikidondoka:
"Nyeusi? Ukuta wa uani? Una hakika?"
Hapa Gadeni ukuta ni chokaa,
chokaa juu ya chokaa, mwaka juu ya mwaka,
hata mjusi akipita hujulikana.
Nikamwambia paka, uwe kama wino wa ngisi,
toka mlango wa jiko hadi birika.

Jirani akachungulia kutoka darini.
"Mumefiwa?"
"Hatujafiwa. Tunapanda maua."

Ilikuwa hivi. Asubuhi moja Mama alisimama
mbele ya mwasumini alioupanda mwenyewe,
akapapasa hewa, akasema,
"Mbona mwaka huu haukuchanua?"
Nao ulikuwa umechanua hadi umeinama.
Nyeupe juu ya nyeupe: jicho lake lilikwisha kuyafuta.
Daktari alisema ni presha ya macho,
kilichokwenda hakirudi,
kilichobaki tukitunze kwa matone, asubuhi na jioni.
Habari ya ukuta hakuisema.
Hiyo niliitunga mwenyewe, usiku, bila usingizi.

Nikaenda Langoni kwa Zuwena
auzaye miche kwenye makopo ya maziwa ya unga.
Anaijua tabia yake, mmoja mmoja,
kama mtu awajuavyo wakwe.
"Bogenvilia hii ya zambarau haina kazi nyingi."
Nikaishika mbele ya buibui lake,
nikarudi nyuma hatua nne,
nikafinya macho nione kama aonavyo Mama.
Zambarau ikazama kama jiwe kisimani.
Waridi jekundu likazama.
Zuwena akafahamu bila kuambiwa. Akasimama wima,
akanyoosha mabega,
akawa ukuta.
"Haya, jaribu na hii."
Asumini ikabaki.
Kilua kikabaki, kijani kilichoiva,
kama chemli iliyoteremshwa utambi.
Wateja wawili walisubiri. Hakuna aliyecheka.

Jambo moja sikulijua: rangi nyeusi hunywa jua.
Kaskazi ilipoingia ukuta ukawa kikaango.
Mrehani ulikauka kwa siku mbili,
ua zima likanuka chai iliyoungua.
Mkilua ukajikunja majani kama mkono wenye siri.
Nikausogeza kwenye kivuli cha birika,
nikatoa miche dhiraa nzima mbele,
nikatandika kamba za usumba juu ya vigingi
ili mwasumini utambae bila kugusa moto.
Mafunzo hayo niliyanunua kwa Zuwena,
mia mia kila kopo.
Chini nikapanda mchaichai.
Huo si wa macho. Ni wa kiganja chake apitapo.

Na jua likizama ukuta huanza kulipa deni:
hutoa lile joto polepole, hadi usiku mkubwa,
na maua, yakidanganyika, hufunguka kabla ya Isha.

Jana alikaa kigodani akahesabu, kidole hewani,
"Moja... mbili... hili kubwa... tano..."
akaruka, akarudi,
akafika kumi na moja.
Mimi nilipata kumi.
Nikahesabu tena.
La kumi na moja, juu, upande wa birika,
lilikuwa rangi iliyobanduliwa na chumvi,
chokaa ya zamani ikichungulia,
ukubwa wa ukucha wa gumba.

"Lile," akasema, "halipukutiki. Tangu juzi liko."

Mkebe wa rangi uko chini ya ngazi, robo imebaki.
Leo fundi Shekuwe amepita,
ameliona, ameshaishika brashi.
Nikamwuliza habari za watoto.
Nikammiminia kahawa.
Nikammiminia tena.