Herufi Mbili

Miaka ishirini na sita nilipiga chapa maneno ya watu wengine,
visikizi masikioni, mguu kwenye kanyagio la kurudisha mkanda nyuma.
Leo nimestaafu hapa Mkomani, barazani pangu pana jua hadi saa nne,
nawe waja na kanzu iliyopigwa pasi na wapambe watatu
kuniomba kura.

Karibu, Shee Famau. Keti. Kahawa ni chungu, nami nakujua.

Nakujua kwa kukusikia.
Mwaka wa kwanza ulisimama mara moja
ukaomba gati la Mokowe litiwe taa.
Ulisema "shukrani" mara kumi na moja; nikakuachia nne.
Mwaka wa pili uliuliza swali, ukatoka kabla ya jibu.
Mwaka wa tatu mkanda wako haukuwa na kitu
ila kikohozi, na kikohozi hatukuruhusiwa kukiandika.

Kura zako pia nimezihesabu, sina wajukuu wa kuwahesabu.
Ndiyo: mia mbili na tisa, nyingine
ulizitamka Spika hajamaliza kuuliza.
Hayupo: mia moja na themanini.
La: moja.

Magazeti yana hesabu yao.
Yalikupiga picha umelala kinywa wazi, siku ya bajeti.
Yalikuweka ukurasa wa mbele punda alipokupiga teke
kwenye mashindano, mbele ya Langoni nzima,
na mpaka leo watoto wa Kizingitini wakikuona hulia kama punda.
Ukanunua ukurasa mzima kujibu. Teke likakua.

Lakini ile La.
Mswada wa mikoko: usikatwe hata ufito,
na mkataji wa Ndau afungwe pamoja na shoka lake.
Kengele ililia dakika kumi. Chama kilikwisha kuwahesabu.
Nikasikia kiti kikilalama, viatu, kisha sauti yako,
nyembamba, ya mtoto aliyeitwa mbele chuoni na hakuhifadhi:
"La."
Mtu akacheka. Nikaandika Kicheko, kwenye mabano, kama ipasavyo.

Mswada ulipita. Kesho yake nilinunua magazeti matatu.
Moja liliandika rangi ya tai yako. Mawili hayakuandika kitu.
Kamatini ukang'olewa kabla ya Ramadhani,
na muhula uliobaki ukarudi kwenye Ndiyo,
mbio mbio, kama mtu afutaye matope mlangoni pa mwenyewe.

Sasa kikombe umekiinamisha. Wapambe wawaambia watangulie.
Waniuliza kwa sauti ya chini, ile ile ya mkandani:
"Bi Barke, ile... iliandikwa kweli?"

Juzuu ya arubaini na mbili, safu ya mia tisa na tatu,
mstari wa sita kutoka chini.
Herufi mbili. Sikuzirekebisha.

Ama kura yangu, Mheshimiwa, kura ni siri.
Sheria hiyo mliipitisha wenyewe, Alhamisi, jioni.
Nimeitazama.
Ulikuwa Hayupo.