Mashine Namba Nne, Tarehe Thelathini Juni

Foleni imefika kwa muuza viatu,
kila mtu na pini yake ya KRA,
na mashine namba nne imeniandikia
mstari mmoja mweupe juu ya weusi:
hakuna kifaa cha kuanzia.

Jana niliifunga ikiwa nzima.
Usiku stima zikapotea Kayole yote,
zikarudi alfajiri kwa kishindo.

"Zima, washa," anasema Makokha,
ambaye kila ugonjwa duniani huutibu hivyo.
Nazima. Nawasha. Kitufe nakidonoa
kama kuku aliyeona punje moja,
mpaka baiosi inifungulie mlango wake wa buluu.

Kumbe huko ndani
ni tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa,
saa sita na dakika nne za usiku.
Nairobi inakimbizana na usiku wa leo,
huyu peke yake hana haraka,
hadaiwi, hajasajiliwa,
wala mimi hanijui: mwaka huo
nilikuwa darasa la tano, Njiru, naandika kwa penseli.

Nashuka kwa mishale. Panya humu hafui dafu.
Orodha ya kuanzia: kwanza mtandao, pili flashi,
diski ya mwisho,
mwenye nyumba nyuma ya wageni wake.
Naipandisha. Nahifadhi.
Mstari ule ule.

Nyanchama anauliza faini ni elfu mbili au ishirini.
Simjibu.

Narudi, polepole sasa: feni, joto, volti,
hadi namna ya kusoma diski.
Ilikuwa AHCI, imekuwa IDE.
Diski inanena,
ubao mama unasikiliza kwa lugha nyingine.
Nabadilisha. Nashika pumzi.

Vidoti vinazunguka.
Halafu ile picha ya maua aliyoiweka sijui nani.

Namtuma Makokha kwa fundi wa saa
akalete betri bapa, ndogo kuliko sarafu ya kumi;
ya zamani ilikufa kimya, na stima zikikatika tena
ubao utasahau yote niliyoufundisha.

Nyanchama anaketi. Tovuti ya ushuru inamkataa.
Ai! Tarehe. Sikuigusa tarehe,
na nani atamwamini mtu atokaye mwaka wa tisa?

Nasogeza miaka mbele kwa kidole kimoja.
Anatazama tarakimu zikipita.
"Hapo," anasema, "hapo ndipo Moraa alizaliwa,"
na kidole kimeshapita.