Robo Sekunde

Uwanja wa shule, Chwele, mvua imekatika.
Kaka yangu Wabwile ana kamba ya katani,
fundo kila mita,
na saa ya baba yenye kioo cha ufa.
Mimi: mita nne kwa sekunde.
Yeye: tano. Kapima mara tatu.

"Mimi naanzia ukutani. Wewe, mita ishirini mbele."
Akachora matopeni kwa kijiti:
4t + 20.
5t.
"Zikilingana, nimekufikia."

Sikujua t ni nini.
Nilijua kukimbia tu,
pumzi zake nyuma zikija, zikija,
na mstari wa majivu kando ya mkaratusi.
Nikaukanyaga kwanza!
Nilijigamba hadi jikoni.

Leo nafundisha hesabu.
Swali lile nimeliandika ubaoni mara ngapi:
t ni ishirini, wanalingana penye mita mia.

Jumamosi nikaenda na tepu,
kutoka ukutani hadi mkaratusi.
Tisini na tano.

Yeye, sekunde kumi na tisa.
Mimi, kumi na nane na robo tatu.

Nikampigia simu. Akacheka, akabisha:
"Mti huo umesogea, dada."