Kifungo cha Tatu

Kila Novemba, Ijumaa ya pili,
wanakuja sinema yetu ya Elberfeld
wamevaa makoti ya mvua ya manjano,
hata kama nje hakuna manyunyu.
Mimi nakata tiketi. Mwaka wa kumi na tisa huu.
Wengine nawajua kwa viatu.

Filamu yenyewe haina mengi:
mwanamke anapanda ile treni inayoning'inia
juu ya mto Wupper kama nguo kwenye kamba,
anakwenda, anarudi, anakwenda,
amepakata saa ya mezani iliyokufa.
Anasema mara moja tu, taa zikishawaka,
akimwambia mkaguzi:
"Mimi sishuki. Shusheni mji."
Basi.

Ilipotoka waliitazama watu tisa.
Wawili walilala, mmoja akadai pesa zake.
Leo, "Shusheni mji"
imechanjwa mabegani, imeandikwa vikombeni,
imefumwa kwenye soksi za vichanga;
kampuni ya haradali imeifanya tangazo;
mashabiki wa timu iliyokuwa inashuka daraja
waliiimba wima, mvua ikiwapiga, wanalia;
na diwani mmoja aliyeikosea kwenye hotuba
hadi leo hajasamehewa.

Kabla ya taa kuzimwa wanajazana ukumbi wa mbele.
Henning, mwalimu wa fizikia,
ameiona mara mia moja na kumi na nne, daftari analo.
Dilek anayebuni michezo ya kompyuta
anakiri bila haya: "Anga langu lote nimeiba humo."
Ottmar alikulia Leipzig.
Aliiona kwenye runinga ya mama yake isiyo na rangi,
antena imegeuzwa magharibi, sauti imebanwa
majirani wasisikie.
"Sikujua koti ni la manjano," anasema,
"hadi mpaka ulipofunguliwa.
Nilikasirika. Langu lilikuwa la kijivu."

Halafu, kama kila mwaka, kifungo.
Koti lina vifungo vinne, cha tatu hakipo.
Henning: hiyo ni nchi iliyokatwa vipande.
Wiebke: hapana, ni mtoto asiyezaliwa,
tazama mkono wake unapokwenda.
Ottmar: kifungo ni kifungo,
aliyekikata yuko huru.
Wanabishana mpaka bia inapoa joto la viganja,
mpaka mimi nagonga kengele.

Bibi Roswitha huja mwisho, kwa kigari chake cha kusukuma.
Tiketi ya wazee, safu ya nyuma, kiti cha pembeni.
Hana koti la manjano.
Mwaka huu vidole vilimgomea,
akanipa mkoba nimtafutie sarafu,
na kati ya senti nikakigusa:
cha manjano, matundu manne,
uzi bado umo.

Nikamtazama.
"Walikuwa wanapiga picha mbele ya mlango wangu," akasema.
"Yule binti anatetemeka, meno yanalia.
Nikavua langu. Walisema watalirudisha Jumatatu."

"Na kifungo?"

"Kilinasa kwenye mlango wa duka la mkate.
Nilikuwa nakwenda nyumbani kukishona."

Nikageuka kuwatazama wale wengine,
Henning anafungua daftari, Wiebke anatikisa kichwa.
Nikamwuliza kwa nini hawaambii.

"Niliwaambia mwaka juzi," akasema.
"Yule mwalimu akanisahihisha.
Koti lilishonwa Munich, akasema, kwa vipimo maalumu.
Ameandika."

Akahesabu chenji yake, akaingia.

Nilisimama mlangoni dakika zile za mwisho,
jambo ambalo siku hizi silifanyi.
Treni inatambaa juu ya maji meusi,
mkaguzi anasogea, mwanamke anainua uso,
na ukumbi mzima unasimama, manjano matupu,
unanguruma: Shusheni mji!

Safu ya nyuma, kiti cha pembeni,
kwa sauti ya mtu anayemdai jirani sufuria:
"Jumatatu," anasema.
"Mlisema Jumatatu."