Mstari wa Alasdair

Saa ya kamera inasema mbili na dakika kumi na saba.
Kinywa changu, kilichofunzwa kwingine, kinasema nane.
Sote tuko sahihi,
na baridi ya Haltwhistle haimsubiri mtu.

Nimeivalisha darubini soksi kuukuu
umande usije ukaitia mtoto wa jicho.
Taa ya Bibi Hepple hushtuka kila paka akipita;
jana nilimwomba, akaifunika kwa ndoo.
Ni kwa ajili ya jiwe, nilimwambia.
Jiwe gani?
Lile ambalo hatutaliona.

Ndiyo kazi yenyewe: nyota hafifu,
punje ya chumvi kwenye skrini,
picha ishirini na tano kila sekunde,
na mahali fulani kati yake na sisi
jiwe lisilo na jina, namba tu,
linakuja kuikinga
kama mwanamke wa kofia pana
aliyekaa mbele yako harusini.

Kivuli chake kitapita hapa,
juu ya stesheni, juu ya kiwanda kilichofungwa,
juu ya ng'ombe na ukuta wa Warumi,
wala hakuna mbwa atakayebweka.

Nangoja. Vidole vimekufa ganzi.
Treni ya mizigo inapita, ardhi inatikisika,
nyota inarukaruka kama bisi kikaangoni,
nami nailaani reli yote mpaka Carlisle.

Halafu
ilikuwepo. Haipo.
Weusi mtupu, nikaanza kuhesabu kwa sauti,
moja, mbi—

ikarudi, kana kwamba hakuna aliyeiulizia.

Asubuhi tukalinganisha.
Dorothea, Alston, uani kwa duka lake la baiskeli:
sekunde moja nukta moja.
Mimi: mbili nukta nane.
Alasdair wa Bellingham alituma video ya saa nzima
na sentensi moja:
Samahani, nyota yangu haikuzimika.

Samahani!
Mzee aliyeisukuma darubini kwa toroli la bustani,
akakesha na mapafu yale,
anaomba radhi kwa kuona nyota.

Nilitoa karatasi ya miraba.
Nikachora mstari wa Dorothea, una pengo dogo.
Wangu, pengo kubwa.
Wake mzima, unapita juu bila kugusa kitu.
Pasipo huo, jiwe lingejitanua kaskazini
hadi Uskoti, likawa kubwa kama uongo.
Ni mstari wake ulioliambia: mwisho wako hapa.

Nikampigia. Akapokea akikohoa.
Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu ukingo,
jinsi umbo la kitu hujulikana pale kinapokoma,
lakini Kiingereza changu cha alfajiri ni kifupi.
Usiifute, nikasema.

Lakini hamna kitu mle, akasema.

Ndiyo.
Usifute hata picha moja.