Swali la Nne

Faili ni thelathini na nne.
Chumba ni kimoja, Tudor, juu ya duka la vipuri,
feni yazunguka kama mtu asiyetaka kuulizwa.
Navaa visikizio, nachapa.
Neno kwa neno, alisema Bi Nyevu,
na usimpambe mtu.

Swali la nne lilikuwa hili:
Umewahi kuhudhuria baraza la bajeti ya kaunti?
La, asema wa Mshomoroni.
La, asema wa Miritini, akitafuna kitu.
La, na kicheko, wa Mikindani.
Pembeni natia doa jekundu: HASHIRIKI.
Kufikia Jumatano ukurasa ulikuwa umeota surua.

Faili ya tisa. Shebe, miaka ishirini na tatu.
La, asema, na nyuma ya hiyo La kuna koleo,
krr, krr, chuma juu ya saruji.
Dakika sita mtaro wazibuliwa masikioni mwangu
naye ajibu kwa pumzi fupi fupi:
"Shika hapo... samahani, si wewe... endelea."
Nahesabu makoleo. Matatu, labda manne.
Nani aliwatuma? Sikumwuliza. Halikuwamo kwenye fomu.
Nikatia doa. Nikalifuta.
Nikashuka kununua viazi karai.

Wa kumi na saba, msichana wa Majengo,
alikataa kujibu kwa nathari:

*Wauliza ushiriki, niulize nami basi:*
*Bomba letu halitoki, halitaki karatasi;*
*Nikisema sisikiki, hunena wenye nafasi;*
*Andika kwamba sitaki, na swali lisinighasi.*

Bi Nyevu akasoma, akavua miwani.
"Hii utaiweka safu gani?"
Safu hakuna, nikasema.
"Basi ongeza."
Nimeongeza. Kichwa chake bado ki tupu,
sijui niipe jina gani.

Lakini nilitaka kusema habari ya Nyamvula.
Likoni, faili ya ishirini na sita, siku ya mvua.
Yeye alikwenda barazani. Wa kwanza kusema Ndiyo,
na kalamu yangu nikaisikia ikifurahi.

"Nilinyosha mkono," asema. "Wakapita wenye makoti,
akapita mwenyekiti, akashukuriwa aliyemshukuru.
Mkono ukafa ganzi, nikaushikilia kwa huu wa pili.
Kipaza sauti kilipofika safu yetu
tayari waya wake wakunjwa.
Nikapewa soda, na karatasi nitie saini
kwamba nimeshirikishwa.
Mie nilichotaka kusema ni kwamba..."

Na hapo, wazi kabisa, sauti ya mwanamke mwingine,
nyororo, yenye adabu, yenye haraka zake:
"Asante sana. Tuende swali la tano."

Nikarudisha nyuma.
Nilichotaka kusema ni kwamba. Asante sana.
Nikarudisha.
Ni kwamba. Asante sana.
Sauti ile naijua.
Ndiyo ninayoombea chumvi kwa jirani.

Baada yake kuna kimya, sekunde kumi na moja:
matone juu ya mabati,
mtoto akimwita mamake mlango wa pili.
Kisha Nyamvula ajibu la tano, kwa upole,
na la sita, na la mwisho,
kama mtu anayerudisha sahani isiyo yake.

Neno kwa neno, alisema.
Basi nimeandika, ndani ya mabano:
[mhoji anamkatiza]
na chini yake nimeacha mistari kumi na moja mitupu.
Doa sikutia, si jekundu wala la rangi nyingine.

Kesho Bi Nyevu ataniuliza mbona ripoti ina shimo.
Atanikosa.
Betri nimechaji, feri haina nauli kwa mwenda kwa miguu,
na nina swali moja tu.
Sikuliandika.