Deni la Mahamri

Leso yenye uso wake ninayo bado.
Ziligawanywa Langoni mwaka ule wa kwanza,
vijana wawili juu ya punda
wakizirusha kama wanaolisha kuku.
Nilidaka moja. Jina lake: ZAMU YETU IMEFIKA.

Haikufika.

Kituo chetu cha shule alipata kura kumi na tisa.
Najua, nilikuwa karani,
nilizikunjua moja moja kwenye mwanga wa karabai,
na wakala wake, Shekuwe wa Bunu,
amelala, shavu juu ya dawati.
Tulimwamsha asaini. Akasaini bila kuuliza idadi.

Leso nikaikata: kipande mbeleko ya Mwanaidi,
kipande nikachujia tui.
Miaka mitano nazi ikapita puani mwake,
katika meno yale yaliyoahidi maji ya bomba,
hata wino ukafifia,
akazeeka kitambaani kabla hajazeeka mwilini.

Akarudi mara ya pili. Akashindwa tena,
kwa tofauti ndogo
iliyokwenda mahakamani na kurudi vile vile.
Wiki tatu baadaye nikamkuta barazani pangu Mkomani,
kandambili miguuni, hana mlinzi,
hana hata mtu wa kumshikia mwavuli.
Wapita njia walimtazama
kama mtu atazamavyo saa iliyosimama.

Alikula mahamri manne na mbaazi.
Akaniuliza, na kweli alitaka kujua:
"Wale kumi na tisa ni kina nani?"
Nikamjibu sanduku la kura halina dirisha.
Akacheka, akapaliwa,
nikampiga mgongoni kwa kiganja chenye unga,
mgongo ambao leo hata waziri haugusi.
Alipopapasa mifuko, mitupu.
"Niandikie," akasema.
Nikaandika kwa mkaa, nyuma ya mlango:
Mwakio, sitini.

Mwaka huu ameshinda.
Langoni wote walimpigia, tena tangu mwanzo, wanaapa;
wale kumi na tisa wamekuwa mji mzima.
Shekuwe anasimulia alivyokesha akilinda kura.

Akaja kijana wa itifaki, suti nyeusi, jasho,
akikwepa mavi ya punda vichochoroni,
anatafuta leso ya kwanza kabisa
ikatundikwe Ikulu ndani ya fremu.
Nikamtolea kitambaa cha tui.
Alikigeuza, akakinusa,
akatafuta uso, akapata sikio moja.
Hakurudi.

Somo yangu Bwanarehema ananisumbua:
"Dai sitini zako, mwenzangu. Sasa anazo."

Juzi tumepaka chokaa, Maulidi iko mlangoni.
Nilipofika nyuma ya mlango
brashi nikaizungusha pembeni, maandishi sikuyagusa.

Aliyekula kwangu ni yule aliyeshindwa.
Huyu aliyeshinda
simjui. Hajanikopa.